Harambee ya Kipimo cha Nyonga kwa Binti Yetu wa Kwaya

Bwana Yesu asifiwe.

Wapendwa washarika, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mara baada ya ibada ya pili, tutakuwa na harambee ya kumchangia binti yetu wa kwaya ya vijana apate kipimo cha MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mwenyewe na wazazi wake wameridhia tuwaeleze hali yake.

Binti ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu utotoni. Toka Pasaka analalamikia nyonga ya kulia, maumivu yanashuka hadi gotini, na mmemwona anavyopanda ngazi za jukwaa la kwaya: kashika ukuta, mguu mmoja kwanza, kisha anauvuta wa pili. Kapigwa eksirei, majibu yakasema mifupa iko sawa. Hapo ndipo maswali yalipoanza, na ni ya haki: kama picha ni safi, mnatuchangisha ya nini?

Daktari katueleza hivi. Chembe za damu za mwenye selimundu zinaweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka ndani ya nyonga. Mfupa ukikosa damu hufa taratibu, na mwanzoni eksirei huenda isione kitu. Ikija kuona, mara nyingi kichwa kimeshaanza kubonyea, na huko mbele mazungumzo huwa ya nyonga ya bandia. MRI huonyesha mapema, tena nyonga zote mbili kwa mara moja, maana ugonjwa huu hupenda kushika pande zote. Ukigundulika mapema, bado kuna nafasi ya magongo, mazoezi ya viungo au upasuaji mdogo.

Waliouliza kuhusu mionzi wasiwe na hofu: mashine hii inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Ndiyo maana hereni, pini za nywele na simu hubaki nje, na mwenye chuma au kifaa chochote mwilini lazima aseme kabla. Atalala bila kutikisika nusu saa hadi saa nzima, masikio yamezibwa, maana mashine inagonga kama fundi bati. Kwa binti asiyetulia hata kwenye mazoezi ya kwaya, hapo ndipo penye mtihani.

Bima hana. Tunahitaji shilingi 1,100,000: kipimo, nauli yake na ya mama yake kwenda Dar es Salaam na kurudi, na malazi. Makadirio yako kwa mhazini, anayetaka kuyaona akaribie. Wenye ndizi, kuku au mayai, fikisheni kabla ya ibada ya kwanza ili mnada usichelewe. Ahadi ziandikwe kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, zilipwe ndani ya wiki mbili. Zikizidi, zitanunua dawa zake.