Niliyemshitaki ni mimi, na leo ninamwombea leseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze jambo la mtaani kwetu hapa Dar es Salaam: kijana anayesafisha magari uani kwa mama yake ameomba leseni ya biashara, akaambulia notisi ya kufunga. Najua mitaa mingine inalo pia, ila la kwetu nimelishuhudia tangu siku ya kwanza, tena kwa ubaya, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kijana huyu kwa mjumbe.

Nyumba yangu na ya mama yake zinapakana kwa ukuta wa matofali. Mwaka juzi, wakati wa masika, kijana aliacha kibarua kwenye sehemu moja ya kuoshea magari barabara kubwa, akaja kuanza kazi yake mwenyewe uani kwa mama yake. Wengi wanadhani anaosha magari. Hapana, anafanya usafi wa kina: anang'oa viti, anasugua zulia na dari kwa brashi ndogo, anapiga polishi bodi mpaka mikwaruzo ipotee, anazisugua taa zilizoingia ukungu hadi zirudi kuwa kioo. Gari moja linaweza kumla kutwa nzima. Kwa wiki anapata manne, ikizidi sana matano.

Mimi wakati huo hayo yote sikuyajali. Nilichokijua ni kwamba mashine ya presha inaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi, na vumbi jeupe la polishi linatua kwenye kanga nilizoanika. Hayo ningeyavumilia. Kilichonitoa ndani ni maji. Yalipita chini ya geti lao, yakashuka uchochoroni, yakatuama mbele ya mlango wangu wa nyuma, na jua likiwaka unaona juu yake zile rangi za mafuta, zambarau na kijani. Wajukuu wangu wanapita hapo peku. Nikajitanda, nikaenda kwa mjumbe, na mjumbe akatupeleka serikali ya mtaa.

Tulikaa kwenye mabenchi ya ofisi ya mtaa kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Mwenyekiti alikuwepo, mtendaji alikuwepo, kijana na mama yake, mimi, na majirani watatu. Sitaficha, nilisema maneno makali. Kijana alinyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Mwalimu, shida yako ni maji au ni mimi?" Niliudhika, lakini swali lilinikaa kichwani, na mwenyekiti akalidaka. Akataka kila mtu ataje kinachomuudhi, kimoja kimoja, na mtendaji akaandika. Tulipotoka tulikuwa na karatasi yenye muhuri wa mtaa: mashine isiwashwe kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni, Jumapili asubuhi na Ijumaa saa ya swala hakuna mashine, magari yasizidi mawili kwa siku, na yote yakae ndani ya geti, lisiachwe hata moja uchochoroni, polishi ifanyiwe chini ya turubai, na maji yasitoke nje. Kwa hilo la mwisho alipewa mwezi mmoja.

Mwezi haukuisha. Alimleta fundi wakajenga chemba ya vyumba vitatu, kila kimoja kama pipa kwa ukubwa, na uani pote wakamwaga zege lenye mwinamo kuelekea huko. Nilikwenda kuichungulia, maana sikumwamini. Chumba cha kwanza kinashika mchanga na tope. Cha pili kinashika mafuta, na hapo ndipo nilipojifunza kitu uzeeni. Mafuta ni mepesi, yanaelea. Kwa hiyo bomba la kutolea maji fundi amelipachika kiwiko kinachotazama chini, kinanyonya maji ya katikati na kuyaacha mafuta yakiwa yameelea juu. Cha tatu kinapokea maji yaliyopungua uchafu na kuyapeleka kwenye shimo lao. Kila Jumamosi anakinga yale mafuta kwa kopo, anayatia kwenye galoni, na tope analikausha kwanza kabla ya kulifunga kwenye mfuko. Siku moja nilihesabu ndoo zake: gari dogo, ndoo tano za lita 20. Mimi nikifua mashuka namzidi.

Sasa ndipo yanapoanza yale yaliyonifanya nikuandikie.

Kijana hakutaka kuishi kwa kujificha. Amepata TIN, yaani namba ya mlipakodi, kodi anakadiriwa na analipa, jina la biashara amelisajili. Kitambulisho cha wajasiriamali wadogo, kile kilichoanza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, hakimfai, kwa sababu kilikuwa cha wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, na yeye amevuka huko. Kilichobaki ni leseni ya biashara. Kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972, huwezi kufanya biashara ya namna hii bila leseni, na ya daraja lake hutolewa na halmashauri. Akaomba kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, akiwa amekaa sebuleni kwao. Mpaka hapo naisifu Serikali, maana enzi zetu ungemaliza soli ya kiatu.

Akaitwa manispaani. Siitaji ni ipi kati ya tulizonazo hapa jijini, wala afisa, kwa kuwa sitaki ugomvi na mtu. Akaambiwa eneo ni makazi, kwa hiyo achague moja kati ya mawili: alete mkataba wa pango wa fremu, au abadilishe matumizi ya kiwanja. Akatoa ile karatasi ya mtaa yenye saini zetu. Akaambiwa hiyo ni ya usuluhishi, haihusiani na leseni. Hakuna aliyekuja kuitazama chemba.

Tuanze na fremu. Anayejua Dar anajua kodi ya fremu hulipwa miezi sita mkupuo, na mara nyingi mwaka. Hata hivyo fedha tuziweke pembeni. Fremu ni chumba cha duka. Gari haliingii. Atalifanyia kazi mbele, kando ya barabara, na maji yataingia kwenye mtaro wa mvua, na mtaro wa mvua hauna chumba cha kwanza wala cha pili. Unakwenda mtoni, kisha baharini. Kwa hiyo ofisi ilikuwa tayari kumpa leseni mahali atakapochafua, ikamnyima mahali alipokwisha kuzuia uchafu. Nimelitafakari hili usiku na mchana na bado sijalielewa.

Kubadili matumizi ndiyo kichekesho zaidi. Utaratibu wake umo kwenye Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na ni utaratibu mzuri kwa mtu anayetaka kugeuza nyumba iwe sheli au ghala au baa. Yule kijana hataki kugeuza nyumba. Mama yake anaendelea kulala humo, kuku wake wanaendelea kutaga humo. Tena mtaa wetu haukupimwa. Tunachoshika wengi wetu ni leseni ya makazi, karatasi tulizopewa baada ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ili angalau tutambulike. Hatuna mchoro wa mipango miji. Sasa mtu abadilishe nini kwenye mchoro ambao haupo?

Nisieleweke vibaya. Maafisa wana sababu ya kuogopa biashara hii, na mimi niliyekanyaga yale maji sitawabeza. Maji ya kuoshea magari yana mafuta, sabuni, na vumbi la breki lenye madini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ila piteni Bonde la Msimbazi mtaona magari yanavyooshwa ukingoni kabisa, matairi karibu yaguse maji. Wale wafukuzwe leo. Lakini yule wa mtoni hajawahi kuomba leseni. Aliyeomba, akaenda na karatasi mkononi, ndiye aliyepewa notisi ya siku 14 ya kufunga, kwa kuwa kuomba kwake ndiko kulikomfichua alipo.

Na hapa nikiri la kwangu. Mimi ni mwalimu mstaafu na kibarazani nina genge: nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima, na barafu za watoto. Nyumba ya mbele kuna saluni sebuleni. Ya kona, fundi cherehani ana vyerehani vitatu barazani. Nyuma yake jirani anafuga kuku wa mayai, na harufu yake sisi tunaijua. Mtaa mzima unafanya biashara majumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa fremu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuomba. Tunalipa ushuru anapopita wa kukusanya, tunanyamaza. Sheria yetu ya makazi, kwa hiyo, imemkamata aliyenyoosha mkono tu.

Ninachoomba ni kidogo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Itungwe moja ya leseni ya biashara ya nyumbani yenye masharti: afisa mazingira na afisa afya wa kata waende wakatazame maji yanakokwenda, idadi ya magari kwa siku iandikwe juu ya leseni yenyewe, na saa za kazi nazo. Akivunja, inafutwa. Ada alipe kama wengine. Serikali ilipopitisha MKUMBI, mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, mwaka 2018 ilisema inataka kupunguza vikwazo na mlolongo wa vibali kwa wafanyabiashara. Na hiki ni kikwazo ambacho kikao kimoja cha madiwani kinaweza kuanza kukiondoa.

Kuna wanaosema saini za majirani zitoshe. Mimi nakataa. Mwaka juzi nisingesaini hata angechimba bwawa, kwa sababu nilikuwa na hasira, na kabla ya hasira ya maji nilikuwa na kinyongo cha zamani na mama yake kuhusu ule ukuta. (Tumeshayamaliza.) Jirani akipewa kura ya turufu, kila mwenye wivu atakuwa afisa leseni. Jirani asikilizwe, ila atakiwe kutaja kinachomuumiza: kelele, maji, vumbi, njia kuzibwa. Akishindwa kutaja, arudi nyumbani kwake. Ndivyo mwenyekiti wetu alivyofanya pale kwenye benchi, naye hana hata kompyuta.

Neno moja pia kwa vijana wa kazi hii. Msianze kwa kufungua mashine ya presha. Anzeni kwa kumpigia hodi jirani wa upande maji yanakoteremkia. Kijana wetu angenifuata kabla hajamwaga ndoo ya kwanza, nisingefika kwa mjumbe, na huenda ningemuonyesha fundi wa chemba mwenyewe.

Notisi yake inaisha Jumatano ijayo. Amesimamisha magari mawili aliyoyaahidi, na yule mdogo wake aliyekuwa akimsaidia kuvuta vumbi amerudi kukaa kijiweni. Mashine imefunikwa turubai. Namwomba afisa yeyote wa manispaa atakayesoma barua hii aje kabla ya siku hiyo, aje na ndoo ya maji machafu akitaka, aimwage uani, atazame yatatokea wapi. Funguo za geti anazo mama wa kijana. Akimkosa, apige hodi nyumba ya pili, yenye genge.

Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam