Taimushiti ya wakili mchanga humlipa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako. Naomba pia jina langu lihifadhiwe, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele.

Mwaka jana mteja mmoja wa ofisi yetu, kampuni yenye madereva na walinzi wengi, aliomba ushauri wa kisheria kuhusu saa za kazi. Kazi ikaniangukia mimi. Nikaandika kurasa sita: kwamba kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku, kwamba saa za ziada zisivuke 50 katika kila wiki nne, na kila moja ilipwe mara moja na nusu, kwamba mwajiri haruhusiwi kumwacha mtu afanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata mtu mwenyewe akitaka, kwamba kuanzia saa mbili usiku hadi saa 12 alfajiri kuna nyongeza ya asilimia tano. Nikaituma saa 5:40 usiku. Nilikuwa ofisini tangu saa mbili kasoro robo asubuhi. Kiyoyozi cha jengo letu huzimwa saa 12 jioni, kwa hiyo nilikuwa nimevua viatu na kufungua dirisha, na kule chini Posta ilikuwa imebaki na mlinzi na paka wake. Barua pepe ilipoondoka nikajikuta nacheka peke yangu.

Walio nje hudhani shida yetu ni kwamba hakuna anayejua tunafanya kazi saa ngapi. Zinajulikana mno! Katika ofisi kubwa za mawakili kila mmoja hujaza taimushiti, yaani karatasi ya kuandika saa alizofanya kazi, kwa vipande vya dakika sita sita: sita kusoma barua ya mteja, kumi na mbili kwenye simu, saa tatu na nusu kuandaa majibu ya utetezi. Ijumaa ukichelewa kujaza, mhasibu anakufuata mezani. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayozaa bili, na mteja akibisha, tunamtolea mstari kwa mstari. Lakini mwezi ukiisha, ikifika zamu ya mishahara, karatasi ile ile haina kazi. Hakuna anayeijumlisha.

Nilipoanza, ofisi ilimtoza mteja Sh300,000 kwa saa yangu moja. Mshahara wangu ulikuwa Sh600,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. Najua ofisi ina kodi ya pango, makarani, umeme, na wateja wakubwa ambao hulipa baada ya kukumbushwa mara saba. Najua pia si kila saa ninayoiandika inaingia kwenye bili. Hata hivyo, kwenye hiyo laki sita, toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, toa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, toa kodi ya serikali. Inabaki laki nne na ushee, na humo humo kuna suti nyeusi, maana mahakamani huendi na shati la mtumba lililopauka, na kuna ada ya kuhuisha leseni kila mwaka, ambayo ofisi nyingine humwachia wakili mwenyewe ingawa mhuri wake unatumika kwa kazi za ofisi.

Wakubwa wetu wana majibu, na nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba kazi ya taaluma haina saa. Sheria haisemi hivyo. Inaowaacha nje ya kanuni za saa ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wakili wa mwaka wa kwanza hasimamii mtu yeyote, labda mashine ya fotokopi.

La pili ni ujanja wa mkataba. Kijana anaambiwa yeye si mwajiriwa, ni “mshauri”, au ni “mwenzetu” atakayepata asilimia akileta mteja. Anakaa meza ya ofisi, anatumia kompyuta ya ofisi, anaomba ruhusa kwenda msibani, lakini si mwajiriwa! Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeshalimaliza hilo: ukionyesha kwamba kwa miezi mitatu iliyopita umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tunazimaliza kabla wiki haijaisha.

La tatu ndilo linalouma: “Shukuru umepata.” Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria, 26 tu ndio waliofaulu bila kurudia mtihani. Ukishapita kwenye tundu hilo la sindano, ukaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, mama akapiga vigelegele, utaanzaje kulalamika? Na ukilalamika, nje kuna rundo la wenye shahada wanaozunguka na bahasha za kaki.

Halafu kuna wanaosema hata New York mawakili wachanga hulala ofisini. Ni kweli wanachoka. Ila kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, ofisi kubwa za huko zilianza kumlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000 kwa mwaka. Tusichukue usiku wao tukaacha bahasha yao.

Msomaji atauliza: mawakili nyinyi, mbona hamwendi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi? Tunaijua njia, fomu tunaijaza tukiwa tumefumba macho. Dai la malipo lina siku 60 za kulifungua, na zangu niliziacha zikapita huku nikizihesabu. Dar es Salaam ni kubwa kwa daladala, kwa mawakili ni kijiji. Wabia wa ofisi hizi walisoma pamoja, wanakutana mahakamani asubuhi, wanaitana “wakili msomi” mbele ya hakimu na jioni wanakunywa meza moja. Ukimshitaki mmoja, barua yako ya maombi kwa mwingine imeshasomwa kabla hujaiandika. Ndiyo maana nimeomba jina langu likae kapuni.

Kwa hiyo naelekeza maombi yangu kwa Chama cha Mawakili Tanganyika. Tunayo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, inayoeleza wakili amtoze mteja kiasi gani. Kuhusu wakili kumlipa wakili aliye chini yake, kimya. Chama kiweke kima cha chini kwa wanachama wake, na wakati wa kuhuisha leseni kila ofisi yenye mawakili wachanga ionyeshe mikataba yao ya maandishi, yenye mshahara na saa. Taimushiti zikijumlishwa kwa ajili ya bili, zijumlishwe na kwa ajili ya mishahara. Mhasibu ni yule yule.

Na hili dogo lisisubiri mkutano mkuu wowote: mtu akibakizwa ofisini hadi usiku wa manane, ofisi imlipie usafiri hadi kwake. Mabasi ya mwendokasi yakishaisha, bajaji ya kutoka Posta hadi Mbezi inakula chakula changu cha siku tatu, na dereva hajali kwamba nyuma amembeba msomi.

Wakili wa mwaka wa nne,
Dar es Salaam