Usiagize visponji, Lazaro

Wales, 19 Juni

Ndugu yangu Lazaro,

Salamu zako zimefika. Nakuandikia saa tatu na nusu usiku na nje bado kweupe, naona hadi kondoo walio ng'ambo ya bonde. Nimeanza na hilo makusudi, maana uliuliza kama uagize visponji vya homoni ili kondoo wako washike mimba kwa pamoja, na jibu limo humohumo kwenye mwanga.

Kondoo wa huku hawapandwi mwaka mzima kama wako. Usiku ukirefuka, kitezi kilicho ndani ya ubongo humwaga melatonini, homoni ya giza, kwa saa nyingi, na jike huanza kuingia joto, yaani kutaka dume, kila baada ya siku 17 hivi. Sasa hivi giza la usiku halizidi muda wa saa nane, kwa hiyo ubongo umefunga duka: estrojeni, homoni ya kike, kidogo tu kutoka kwenye ovari inauzuia kutoa amri, na yai halipevuki.

Tajiri wangu anataka wana-kondoo wazaliwe Novemba, awauze kabla ya Pasaka bei ikiwa juu. Basi mwanzoni mwa mwezi tuliwawekea majike 40 visponji ukeni, vyenye dawa inayofanya kazi ya projesteroni, homoni ya mimba. Vimekaa siku 12. Bila hiyo, jike anaweza kupevusha yai kimyakimya, dume akipita hamtazami. Juzi tukavivuta kwa nyuzi zake. Lazaro, harufu! Kinatoka na majimaji ya kijivu yanayokuingia hadi kwenye mikono ya koti, na kazi hiyo nilipewa mimi. Kimoja uzi wake ulikatika, ikabidi nikitafute kwa kidole. Papo hapo kila jike akachomwa yuniti 400 za homoni itokayo kwenye damu ya farasi mwenye mimba, ya kuamsha ovari. Leo asubuhi tumewaingiza madume wanne, mmoja kwa majike 10, kwa sababu wote wanaingia joto kwa pamoja na dume naye huchoka.

Sasa wewe. Hapo Longido, karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata nusu saa mwaka mzima, kwa hiyo kondoo wako hawana kufuli hili. Wasiposhika mimba, tazama kwanza malisho, na nani bado ananyonyesha. Ukitaka wazae karibu karibu, wapeleke madume mbali kwa mwezi mzima, wasionekane wala kunusika, kisha warudishe ghafla. Majike waliokuwa wamelala huamka kwa harufu ile. Waaustralia waliliandika hilo tangu 1944. Ila usitegemee joto siku ya pili. Wengi watapandwa baada ya wiki mbili na nusu hadi tatu na nusu.

Halafu kile kipande cha ngozi baba anachomfunga dume tumboni asipande wakati mbaya: nilimsimulia tajiri, akacheka sana, kisha akaniomba nimchoree. Mchoro wangu umefanana na aproni ya mpishi. Nitumie picha, tafadhali.

Wako,
Elia