Mtu akibanwa na pumu msimlaze chali

Mhariri, salamu toka Uyole. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu watu wanafunga madirisha na jiko la mkaa wanaingiza ndani, moshi unajaa, halafu usiku mwenye pumu anabanwa na watu wazima wanamlaza chali na kumpa chai ya tangawizi eti kifua kitafunguka. Jamani, mkalisheni wima, mtoeni kwenye moshi, apate haraka ile inhela ya bluu ya salbutamol, yaani kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo inayofungua njia ya hewa.

Kwa mtoto chukua chupa tupu ya maji ya mililita 500, toboa kitakoni tundu linaloenea mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa plasta, yeye abane mdomo wa chupa kwa midomo, bonyeza mara moja avute na kutoa pumzi kama mara tano, ndio ubonyeze tena. Mibonyezo 4 mpaka 10, unaweza kurudia baada ya dakika 20, ila hata kwa mtu mzima usafiri utafutwe mapema wakati dawa inaendelea.

Na kinachonitisha sana ni hiki, kifua kilikuwa kinapiga filimbi kikanyamaza ghafla watu wanashukuru amepona, kumbe hewa haipiti kabisa! Ukiona hivyo, au hamalizi sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo ya bluu, hapo ni hospitali yenye oksijeni sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku.

Mama wa watoto wawili, Mbeya