Honi, ukingo wa lami na baiskeli ya Musa

Kisumu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Shadrack,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wazee wote hapo Chavakali. Sisi huku tu wazima, ila mvua imetushika tangu Jumatano.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa kwanza unalalamika kwamba watu wa baiskeli kati ya Kiboswa na Mamboleo wana kiburi, wanakaa katikati ya barabara na hata ukiwapigia honi ya matatu hawatoki. Ukurasa wa pili unaniomba nimtafutie mpwa wako Musa baiskeli ya kubebea ndizi hadi soko la Kibuye. Shadrack, barabara ni hiyo hiyo moja. Musa akishapanda, yeye ndiye atakuwa huyo mwenye kiburi mbele ya matatu ya dereva mwenzako.

Baiskeli nimepata, Black Mamba ya mtumba, fremu haijachomelewa popote. Nitaifikia. Kwanza nikueleze ukingo wa lami, maana ugomvi wenu wote na watu wa baiskeli unaanzia hapo.

Mvua inakula maramu, ule udongo wa changarawe wa kando, na lami inabaki juu kama ngazi. Kuna mahali ngazi hiyo ina kimo cha sentimita 8 au 10. Wewe kwenye usukani huioni. Unaona kijia cha udongo na unajiuliza kwa nini huyu mtu asipite huko. Yeye anaiona. Akishuka kwa kuogopa honi itabidi arudi juu, na kurudi ndiko kwenye hatari. Gurudumu la mbele likija kwa mshazari, karibu sambamba na ukingo, halipandi, linasugua tu ubavu wa lami. Usukani unakataa kugeuka, na baiskeli isiyogeuka haiwezi kusimama wima. Mwili na mzigo vinaendelea kwenda kulia, anaanguka juu ya lami, na gari linalokufuata ndilo linalomkuta hapo.

Ndiyo maana aliyezoea barabara anaacha kama mita moja kutoka ukingoni, apate pa kukwepea shimo bila kukurukia mbele. Huyo unayemwita mwenye kiburi anaendesha kwa akili. Wa kuogopa ni yule aliyejibana pembeni kabisa, kwa sababu shimo la kwanza litamleta kwako bila taarifa.

Na honi ina namna yake. Ukiipiga ukiwa mita kumi nyuma yake, atageuza shingo atazame juu ya bega la kulia, na mikono hufuata bega. Usukani unavutwa kulia, yaani kwako. Piga mara moja, fupi, ukiwa bado mbali, mita 50 au zaidi. Halafu nyamaza, ukae nyuma mpaka upande wa pili uwe wazi, umpite kama unavyopita mkokoteni wa ng'ombe. Uingereza, mwongozo wao wa barabara tangu 2022 unataka dereva aache angalau mita 1.5 akiwa kwenye mwendo wa hadi maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, na zaidi ya hapo aongeze nafasi. Kwetu huku mikungu ya ndizi inatokeza kando ya baiskeli, kwa hiyo pima kuanzia kwenye ndizi, usipime kuanzia kwenye goti la mtu.

Najua utasema muda. Haya, tuhesabu. Ukiifuata baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa, mita 100 za njia ni sekunde 24. Kwa kilomita 60 ungezimaliza kwa sekunde 6. Umepoteza sekunde 18. Abiria mmoja anayetafuta nauli mfukoni anakula zaidi ya hizo.

Lakini linalowaumiza watu wa baiskeli zaidi ni hili la kumpita mtu kisha kumkatia kushoto hapo hapo ili mchukue abiria. Ana mzigo, lami imelowa, na upande wa kushoto kuna ile ngazi. Aende wapi? Kama kituo kiko karibu, baki nyuma yake mpaka akipite. Na kondakta atazame nyuma kabla ya kuvuta mlango, maana abiria anashukia pale pale baiskeli inapopita. Na wale wanaosema baiskeli zitoke barabarani, wakumbuke boda boda yenyewe ilianza kwa baiskeli kule Busia, kuvusha watu mpakani, miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja baadaye sana.

Sasa Musa. Baiskeli yake ina rimu za chuma na breki za fito, zile zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya. Rimu ya chuma ikilowa, raba zinateleza mizunguko kadhaa kabla ya kushika. Kabla ya mteremko wa kushuka Mamboleo, akiwa bado tambarare, abane breki kidogo kidogo zifute maji. Mteremkoni asingoje kasi ipande ndipo abane. Aanze mapema, ya nyuma kwanza, ya mbele taratibu. Nitaweka raba mpya zote nne na kuziachia milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu.

Ndizi azifunge mkungu mmoja kila upande, uzito sawa, zikae karibu na kiti. Zikisogea nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kuyumba, hasa lori likimpita, kwa sababu upepo wake unamsukuma nje kisha unamvuta ndani. Ncha za kamba ya tyubu azifiche, zisiingie kwenye spoku. Rifleketa nyekundu asiifunge chini ya keria, majani ya ndizi yataifunika. Aifunge juu ya mzigo wenyewe, nyuma kabisa. Nimemwekea na kioo kidogo upande wa kulia, apunguze kugeuza shingo.

Na ile ngazi ya lami, mfundishe wewe mwenyewe kabla hajabeba hata ndizi moja. Akishuka, asirudi akiwa anakwenda. Asimame, ageuze gurudumu liukabili ukingo moja kwa moja, asukume kwa mguu.

Mkutano wa sacco yenu, chama chenu cha matatu, ni lini? Unaweza kuomba dakika tano uwaeleze habari ya honi na ya kukata kushoto? Au watakusikia zaidi ukimtumia mtu mwingine? Musa atakuwa anatoka saa ngapi, saa kumi na moja bado giza? Anaona vizuri usiku? Na urefu wa mguu wake kwa ndani, kutoka nyonga hadi chini bila viatu, ni sentimita ngapi? Fremu ni inchi 22, na akisimama juu yake ibaki nafasi ya vidole vitatu. Nijibu kabla ya Ijumaa, kiti sijakikaza.

Wako,
Ouma