Pateni zisomeke kwa Kiswahili, na sindano irudi darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini kwangu mimi niliyefundisha Sayansi Kimu kwa miaka 28 limekuwa likininyima usingizi tangu mwezi uliopita. Jambo lenyewe ni herufi zinazoandikwa kwenye pateni za nguo, yaani zile karatasi zenye michoro ya vipande ambayo mshonaji huifuata anapokata kitambaa, na vijana wetu wanaozitazama herufi hizo kama watu wanaotazama maandishi ya kaburini katika lugha isiyojulikana.

Mjukuu wangu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, alipakua kwenye intaneti pateni ya gauni, akaenda kuichapisha katika duka la steshenari, akarudi na karatasi 24 ambazo aliziunganisha kwa gundi sakafuni sebuleni. Kitambaa kilikuwa kitenge cha yadi 3 alichopewa na mama yake. Kila kipande cha karatasi kilikuwa na herufi: CF hapa, CB pale, SA pembeni, na katika maelezo ya kushona zikatokea RS, WS na RST. Akaiuliza programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu yake. RST ikaelezwa kuwa "pande za kulia pamoja", WS ikawa "upande mbaya", na agizo la kuweka karatasi kwenye mkunjo wa kitambaa likageuzwa kuwa "kata moja kwenye zizi". Sisi watu wa Dodoma zizi tunalijua vizuri, nalo ni la ng'ombe na mbuzi. Mtoto alikaa na karatasi zake siku mbili, kisha akaamua kukata kwa kukisia.

Niliporudi kutoka msibani Mpwapwa alinipokea mlangoni. "Shikamoo Bibi," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Nimekiharibu kitenge cha mama." Kipande cha mbele, ambacho kilipaswa kuwa kimoja na kipana, kilikuwa vipande viwili vilivyoachana katikati ya kifua, kwa sababu alipitisha mkasi juu ya mkunjo badala ya kuuacha mzima. Nikachukua futi, nikapima mraba mdogo uliochorwa kwenye karatasi ya kwanza, ambao kwa maandishi yake mwenyewe unatakiwa kuwa na sentimita 5 kila upande. Ulikuwa na sentimita 4.7. Mashine ya kuchapisha ilikuwa imepunguza mchoro wote ili uenee kwenye karatasi, na gauni lililokusudiwa kifua cha sentimita 96 likawa la sentimita 90. Mraba ule huwekwa kwa kazi hiyo moja tu, ya kupimwa kabla mkasi haujagusa kitambaa, na binti mwenye cheti cha kidato cha nne aliuona, akaupita, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba karatasi nayo hupimwa.

Herufi zenyewe, Ndugu Mhariri, hazina ugumu wowote. CF ni katikati ya mbele, CB ni katikati ya nyuma. SA ni ile nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachoachwa nje ya mstari wa kushona. RS ni upande wa nje wa kitambaa, ule wenye rangi iliyokolea, na WS ni upande wa ndani; RST humwambia mshonaji aviweke vitambaa viwili nje kwa nje kabla ya kushona, jambo ambalo kila fundi cherehani wa hapa mjini hulifanya mara mia kwa siku bila kulipa jina. Programu ya simu ilipotea kwa sababu katika Kiingereza neno moja, "right", hubeba maana ya kulia na maana ya sahihi, na mashine haina mkono wa kuupapasa uso wa kitambaa. Kati ya herufi zote hizo, SA ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, maana pateni nyingi za Marekani huwa zimekwisha kuongeza takriban sentimita 1.5 kuzunguka kila kipande, wakati nyingine hazina nyongeza kabisa na humwachia mshonaji aongeze mwenyewe, kwa hiyo asiyeitafuta herufi hiyo mwanzoni atashona nguo ya kubana au ya kupwaya hata kama vipimo vyake vilikuwa sahihi. Na kuna mshale mrefu unaochorwa katikati ya kipande, ambao mjukuu wangu aliudhani ni pambo. Mshale huo huonyesha uelekeo wa nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Ukiupuuza, nguo hujisokota mwilini baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Inafaa tujiulize kwa nini wenye pateni hizo waliandika kwa mkato namna hiyo. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Massachusetts nchini Marekani, Ebenezer Butterick, alianza kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi, na biashara hiyo ikaenea haraka. Pateni nyingi za enzi hizo hazikuwa na maandishi juu ya vipande vyake; zilitobolewa matundu madogo, na mnunuzi alitambua kwa matundu hayo mahali pa mkunjo na mahali pa mshono. Ziliwezekana kuuzwa hivyo kwa sababu wanunuzi walikuwa wamekwisha kufundishwa kushona nyumbani na mama zao. Herufi zilizokuja baadaye zilifuata njia ileile: zilikuwa ukumbusho kwa mtu ambaye mikono yake inaijua kazi. Leo karatasi ileile inamfikia binti wa Kizota ambaye hajawahi kutia uzi kwenye tundu la sindano, na hapo ndipo ukumbusho unapogeuka kuwa fumbo, kwa kuwa hakuna chochote cha kukumbushwa.

Hili ndilo linaloniuma, kuliko kitenge. Nikiwa bado kazini, katika miaka yangu ya mwisho, nilikuwa nikisimama mstarini asubuhi na kuona mashati yaliyofungwa kwa pini kifuani, na sketi ambazo upindo wake umebanwa kwa pini za stepla kama mtihani uliokusanywa. Niliwahi kumwita mvulana wa darasa la sita nikampa sindano, uzi na kifungo chenye matundu manne. Alikishona kikabana kitambaa mpaka kikashindwa kupita kwenye tundu lake. Nikampa njiti ya kiberiti, nikamwonyesha kuiweka juu ya kifungo, kushona uzi ukipita juu yake, kisha kuichomoa na kuuzungushia uzi chini ya kifungo ili kipate shingo. Ilichukua dakika kumi. Wiki iliyofuata alikuja na mashati matatu ya wadogo zake, akiomba uzi.

Najua sababu ni nyingi. Mtumba umekuwa rahisi kiasi kwamba shati lililopoteza kifungo hutupwa kabla ya kufikiriwa, na mafundi wapo kila kona, hivyo mzazi huona hana haja ya kumsumbua mtoto. Lakini sisi walimu nasi tuna sehemu yetu, na nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika shule nyingi nilizopita kazi za mikono zilikuwa zimegeuzwa kuwa adhabu ya wachelewaji, huku kipindi chenyewe kikimezwa na masomo yanayotahiniwa. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwaandae watoto kwa maisha watakayoishi, na hakukusudia jembe na sindano viwe viboko vya aina nyingine. Mtoto aliyekutana na kazi kama adhabu huikimbia maisha yake yote.

Ndiyo maana niliupokea kwa furaha mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, ambao umeweka sekondari mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono. Hata hivyo naomba wahusika wasidhani kwamba mkondo huo utamaliza kazi yote. Wanaoingia amali ni wale watakaoifanya kazi hiyo iwe riziki yao, wakati kushona kifungo, kukunga upindo, kupima dirisha kabla ya kwenda kununua pazia na kusoma futi bila kuchanganya inchi na sentimita ni mambo ya kila mtu, akiwemo daktari, mbunge na dereva wa bodaboda. Haya yanapaswa kufanywa na watoto wote wa shule za msingi, kwa sindano halisi na kitambaa halisi, wala yasiwe ya kuchagua jibu A, B, C au D. Vifaa si hoja. Vipande vinavyobaki kwa mafundi hutupwa kwa magunia, na sindano moja huwatosha watoto kadhaa wakipokezana.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa lugha. Baada ya tukio la kitenge nilikwenda Soko la Majengo nikaongea na mafundi wanne, na kwa heshima yao walinifungulia madaftari wanamoandikia vipimo vya wateja. Nilishangaa kukuta kwamba mkato wa maneno ya ushonaji tayari tunao kwa Kiswahili. Mmoja huandika K kwa kifua, KN kwa kiuno, B kwa bega, M kwa mkono. Jirani yake, ambaye cherehani zao zinakaribia kugusana, huandika K kwa kiuno, na kifua kwake ni F. Walikuwa hawajui tofauti hiyo mpaka nilipowauliza, wakatazamana. Mmoja wao akiugua, mwenzake hawezi kuimalizia nguo ya mteja kwa kulisoma daftari. Ni lazima mteja aitwe apimwe upya. Basi maneno yapo, na yanatumika kuanzia asubuhi mpaka jioni, ila hakuna aliyeketi nao wakakubaliana.

Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo kazi yake tangu 1967 ni kuikuza na kuisimamia lugha hii, ni kwamba liwaite mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA na walimu wa shule, wakae pamoja na kutoa orodha moja ya istilahi za pateni na vifupisho vyake. Isianzie kwenye kamusi ya Kiingereza. Ianzie kwenye madaftari ya Majengo, na ya Kondoa, na ya Kongwa, kwa kuwa fundi anayesema "nje kwa nje" amekwisha kutatua jambo ambalo simu ya mjukuu wangu ilishindwa. Orodha hiyo ichapishwe kwenye vitabu vya shule, na wabunifu wetu wanaouza pateni kwa simu, ambao wanaongezeka, waitumie.

Kuhusu gauni, tuliliokoa. Sehemu ya mbele iliyokatwa tuliiunga kwa mshono wa katikati, ambao nao ulikula kitambaa, tukaongeza vipande viwili ubavuni kutoka kwenye mabaki ya kitenge, kila kimoja kikirudisha sentimita 4.5, na mjukuu wangu ndiye aliyekanyaga cherehani kuanzia mshono wa kwanza hadi wa mwisho, nami nikiwa nimekaa pembeni na futi shingoni. Alipomaliza alizigeuza zile karatasi 24 nyuma, akazichora upya kwa vipimo vilivyosahihishwa, na badala ya CF akaandika KM, katikati ya mbele. Badala ya SA akaandika NM. Sasa ana daftari lenye maneno 31, kila neno na kifupisho chake na mchoro mdogo wa penseli pembeni, na wawili kati ya wale mafundi wa Majengo wamelipitia na kumsahihisha. Liko tayari kwa yeyote atakayelihitaji, na mimi nipo tayari kulipeleka kwa miguu yangu.

Mwalimu mstaafu,
Kizota, Dodoma.