Fito za rodi tusichague wepesi tu

Mhariri, salaam. Vijana wetu hapa Malindi wameanza kujiundia rodi za kurusha chambo cha manyoya baharini na nawapongeza sana, ila wakiagiza ule ufito mtupu wa kaboni (mwili wa rodi usio na mpini wala ringi) wanaangalia wepesi tu. Jamani, samaki sulisuli anataka rodi ya namba 12 (namba ni uzito wa mshipi inaourusha), futi 9, shina nene la kumwinua akizama chini ya boti, vinginevyo ufito unavunjika! Kolekole wadogo wa mwambani namba 8 ama 9 inatosha, lakini uwe mkakamavu, kusi ikivuma, kwa ufito laini mshipi haufiki popote. Ringi za kupitishia mshipi nazo chumvi inazila, wekeni za titani. Na wenye maduka tuleteeni fito tupu, si rodi zilizomalizika tu.

Mvuvi, Malindi